Siku Kibodi Yangu Iliponyamaza

Nilijifunza kupiga chapa kwenye mashine ya chuma ya parokia, ndiyo maana vidole vyangu havijui upole. Katika ofisi ya wakala wa forodha nilikofanya kazi, Bwera, mpakani na Kongo, niliua kibodi tatu za kawaida kwa miaka miwili. Ya nne nikaamua kujinunulia mwenyewe, ile ngumu ambayo kila kitufe kina springi yake. Nikaapa itakuwa ya kimya, maana bosi wangu hakupenda kelele.

Jumamosi nikaenda Kasese, kwenye duka la kompyuta zilizotumika. Muuzaji akanipangia tano mezani. Nilizijaribu moja moja, sikio nimeliinamisha, nikachagua iliyonyamaza kuliko zote. Nilisahau jambo moja: duka lilikuwa kando ya barabara inayopitwa na malori ya saruji kutoka Hima. Pale hata kengele ya kanisa ingeonekana ina adabu.

Jumatatu, ofisini, ililia kama mvua ya mawe kwenye mabati.

Bosi alikaa nyuma ya ukuta wa plaiwudi, na chumba chake kilikuwa na mlango wa nje. Kila alasiri, baada ya ugali wa muhogo, alijifungia humo akisema anasoma barua. Siku ya tatu alitoka na macho mekundu.

"Mama, hiyo kitu yako inatoboa kichwa," alisema. "Kama hainyamazi mpaka Jumatatu, wewe na yeye mutahamia stoo."

Stoo ilikuwa ya magunia ya kahawa, haina dirisha. Meza yangu ilikuwa dirishani, penye upepo wa milimani, na nilikuwa nimeingoja miaka minne. Niliogopa kweli.

Jumapili, baada ya ibada, nilitandika shuka sakafuni nikang'oa vitufe vyote. Nilikata tyubu ya baiskeli kuwa vipete vidogo, kimoja chini ya kila kitufe. Springi nikazipaka grisi kidogo kwa njiti ya kiberiti, na ndani ya kasha nikabana kipande cha godoro. Nilipomaliza niliandika zaburi nzima, na mume wangu, aliyekaa chumba kilekile, hakugeuza hata kichwa. Nikajiona fundi.

Jumatatu nilimwonyesha bosi ile mipira ya tyubu, akanipongeza, na alasiri akaenda kusoma barua zake.

Sasa, nje, chini ya dirisha langu, madereva walikuwa na benchi lao la kungojea hati. Dirisha lilikuwa juu ya vichwa vyao. Hawakuniona nikiandika, walinisikia tu, na sauti ya vitufe iliwaambia kazi inaendelea. Siku hiyo hawakusikia kitu. Kisha wakasikia kitu kingine: mkoromo mzito wa mtu aliyeshiba. Kumbe miaka yote vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vikiufunika.

Dereva mmoja wa Kongo, mtu mzima mwenye kofia, alikwenda moja kwa moja kugonga mlango wa bosi.

"Patron, ule mama wa dirisha iko nalala," alisema. "Anakoroma tangu saa nane, na tomati yangu inaoza."

Mimi nilichungulia dirishani, kalamu mdomoni. Bosi naye akafungua mlango, shavuni amechorwa mistari ya daftari alilolilalia. Dereva akaniangalia mimi, akaliangalia shavu, akaniangalia tena. Benchi zima likanyamaza. Kimya kingi kina mshindo: mmoja alipoanza kucheka, wakamfuata wote, nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Jioni bosi alikuja mezani kwangu akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mama, ile mipira. Punguza kidogo."

Niliondoa kipete kimoja tu, cha kile kitufe kirefu cha chini kinachotenga maneno. Stoo haikutajwa tena. Na kila nilipousikia mkoromo ukianza nyuma ya plaiwudi, nilikigonga kitufe kile kwa nguvu zangu zote za parokia, hata kama sikuwa na neno la kuandika.