Koti, Filimbi na Wimbo wa Syokau

Mwalimu wetu wa michezo ya kuigiza pale sekondari alisema sura yangu ni ya mtu wa kubeba viti jukwaani, si wa kuvikalia. Mjomba wangu alisema hajaona mtu akilishwa na kazi ya kuiga mwendo wa watu wengine. Na kijana mmoja wa kwetu Migwani, ambaye simtaji kwa sababu siku hizi hununua tiketi zangu, aliniambia mbele ya wasichana: "Wewe ukiwa stering, hiyo sinema watu watarudishiwa pesa."

Stering, yaani shujaa wa sinema, sikuwa. Hapo walipatia. Lakini nina diploma ya sanaa ya maigizo, niliyoisomea huku nikisugua sufuria za hoteli. Nimeigiza katika nchi za nje kwa miaka minne na nikarudi nyumbani kwa nauli yangu mwenyewe. Hakuna kikundi Nairobi kinachotafuta chifu mwenye kiburi, mhubiri mwenye njaa au bibi mwenye siri za ukoo wote kikakosa kunipigia simu mimi kwanza. Stering akipata makunyanzi, kazi inaisha. Mimi nikipata makunyanzi, kazi inaongezeka.

Tena nyimbo naandika mwenyewe. Mchezo wangu wa nyimbo, "Harusi Bila Mbuzi", umechezwa miaka kumi na moja, na watazamaji hutoka wakiimba wimbo wa sehemu ya pili, ule wa bibi wa bi harusi. Bibi huyo huwa ni mimi, nikiwa nimejifunga leso mbili.

Sasa nieleze kwa nini nilisafiri. Mimi siwezi kubuni mtu kutoka hewani. Tangu nikiwa mwanafunzi nilikuwa naazima: koti la huyu, kofia ya yule, na pamoja na nguo naazima namna mwenyewe anavyosimama, anavyokohoa, anavyokasirika. Kila nilichochukua nilikiandika kwenye daftari. Walioniazima walikuwa tisa, na sita nilikwisha kuwarudishia. Mwaka huu ukumbi mmoja wa Kitui ulinialika nilete "Harusi Bila Mbuzi" nyumbani kwa mara ya kwanza, Jumamosi saa tisa alasiri. Nikaapa sitapanda jukwaa la kwetu nikiwa bado na vitu vya watu. Walibaki watatu: mmoja Mukuyuni, mmoja Kalamba, na mmoja Migwani, mama niliyemwogopa.

JUMATANO asubuhi nilitoka Nairobi na gari langu. Ni la mkono wa pili, lakini jina kwenye karatasi zake ni langu. Kwenye kiti cha nyuma nilikuwa nimelaza koti refu na zito la kaki, limefuliwa na kupigwa pasi. Malori ya Barabara ya Mombasa yalinichelewesha, kisha nikakata kuelekea vilima vya Makueni. Udongo ulikuwa mwekundu na mkavu, na katika kila shamba watu wameinama wakitayarisha ardhi kabla ya mvua. Kando ya barabara akina mama walikuwa wakiuza machungwa kwa ndoo. Nilinunua ndoo moja bila kuuliza bei mara mbili, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu ziko siku nilizopita barabara hiyo hiyo nikimeza mate tu.

Saa sita nilifika Mukuyuni. Mzee Kioko, aliyekuwa mnunuzi wa ng'ombe, nilimkuta barazani pa duka la mwanawe pale sokoni akipepeta ndengu. Nilimnyooshea koti. Hakulitazama. Alinitazama mimi.

"Wewe ndio ule kijana ulisema unaazima koti ya wiki moja?"

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo wiki yenu huko Nairobi ni ndefu."

Watu wa sokoni walicheka. Nilimweleza kwamba koti lake limekuwa chifu, limekuwa askari, limekuwa mkwe mkali, na limepanda ndege mara mbili. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa kulia, akakunja uso.

"Kulikuwa na shimo hapa."

"Nilishona, mzee."

"Nani alikutuma? Hiyo shimo ndio nilikuwa napitisha mkono nikune goti bila watu kuona." Kisha akaniamuru: "Haya, tembea vile mimi hutembea."

Nikatembea kwenye vumbi mbele ya duka: mguu wa kulia ukifagia nje, bega la kushoto chini, kidevu juu kama mtu aliyeona ng'ombe mgonjwa akiuzwa kwa bei ya mzima. Mama mmoja alipiga kelele, "Kioko wako wawili!" Mzee alicheka mpaka ungo wa ndengu ukayumba. Halafu akasimama, akatoka barazani akaja nilipokuwa, akitembea wima kabisa kama kijana wa polisi.

"Goti walinipasua mwaka juzi," alisema. "Mimi nilipona. Hiyo tembea sasa ni yako, kaa nayo."

Koti alilivaa papo hapo, na jua lile la saa sita.

ALHAMISI nilikuwa Kalamba kabla ya saa nne. Mwalimu Ndinda anafundisha kwaya ya kanisa pale. Ndiye aliyenifundisha kuandika nyimbo kwa do-re-mi, na aliniazima filimbi ndogo ya kuanzishia sauti, mali ya kwaya. Filimbi hiyo niliipoteza. Nilimletea mpya kutoka ng'ambo, ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini. Aliipuliza mara moja, akatikisa kichwa kukubali, akaiweka mfukoni. Yeye hajawahi kuwa mtu wa kusifu.

"Niimbie hiyo wimbo yenu watu wanaongelea," alisema tulipokuwa tunakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe.

Nilimwimbia wimbo wa bibi, wote, kwa sauti ninayoijua mwenyewe kuwa nzuri. Alikuwa akihesabu mapigo kwa kidole mezani. Nilipomaliza, kidole kilikuwa bado hewani.

"Hapa katikati umeziba kitu."

"Hapo ngoma zinaingia, mwalimu. Ndipo watu husimama."

"Sijakuuliza watu husimama wapi. Nasema kulikuwa na nafasi na wewe umeijaza. Uliitoa wapi hii?"

Nikasema ukweli. Niliutoa Migwani, kwa mama anayeitwa Syokau, kiongozi wa mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa shamba nikiwasikiliza wakichimba mitaro ya kuzuia maji, na nilipofika chuoni nikauandika kama wangu. Maneno niligeuza kuwa ya harusi. Hata ule mwendo wa bibi wa mchezoni ni wa Syokau.

"Aliwahi kukuambia chukua?"

"Hapana."

"Basi hukuazima," alisema mwalimu, akanijazia sahani. "Kula. Utahitaji."

Nilikasirika kidogo. Mimi ni mtu mwenye diploma. Lakini njia nzima ya kuvuka mto Athi kuingia Kitui nilikuwa nikiuimba wimbo ule, na kila nikifika pale katikati, nilisikia kidole cha mwalimu.

IJUMAA saa mbili asubuhi nilifika Migwani. Nilijipanga vizuri: shati jeupe, viatu vya ngozi, bango la mchezo, nakala ya diploma yangu, na bahasha. Ndani ya bahasha kulikuwa na pesa ambazo mtu yeyote wa pale angezipokea kwa mikono miwili. Mpango wangu ulikuwa kumlipa, kupata ruhusa yake, na saa nane niwe Kitui mjini kwa mazoezi ya mwisho na wenzangu. Angekataa, sehemu ya pili ya mchezo ingebaki bila kichwa wala mkia, na mabango yalikuwa yameshabandikwa hadi Mwingi.

Niliwakuta shambani, wanawake kumi na wawili na wanaume watatu, kwenye mtaro. Nikasimama ukingoni, pale pale nilipokuwa nikikaa zamani. Wimbo ukakatika. Nilijua kosa langu papo hapo, kwa sababu ni la mtoto wa pale aliyesahau desturi za kwao: mwethya ukichimba, husimami ukatazama. Unashika jembe ama unapita.

"Wakya, susu," nilimsalimu Syokau, kama mtu anavyomsalimu bibi yake.

"Aa," aliitikia. Ni mfupi, mkavu, macho makali. "Umekuja kukaa tena?"

"Nimekuja kulipa, susu." Nikanyoosha bahasha.

"Mjukuu wangu alinionyesha wewe kwa simu," alisema bila kuigusa. "Umevaa leso, unatembea kama mimi. Hiyo tembea uko sawa. Lakini ulinifanya nakohoa kila saa. Mimi sikohoi. Mimi kifua yangu ni safi."

Wanawake walicheka. Mmoja akaongeza, "Na matako aliweka kubwa!"

"Hiyo nimemsamehea," alisema Syokau, na wakacheka tena. Kisha akaacha mzaha. "Weka bahasha kwa gari. Hii wimbo haiuzwi, hatujui bei yake. Umeimba yetu miaka kumi na moja na hujachimba hata asubuhi moja. Hiyo ndio unadaiwa hapa."

Nilimweleza kuhusu mazoezi. Nilimweleza kuhusu ukumbi. Diploma haikutoka kwenye mkoba, sijui kwa nini. Alinisikiliza akiwa ameegemea mpini, halafu akaokota jembe lililokuwa halina mtu, akalisimamisha kati yetu.

Niliwapigia simu wenzangu nikawaambia wafanye mazoezi bila mimi. Nikavua viatu.

Sitajisifu kuhusu siku ile. Kufikia saa nne viganja vilikuwa vimepasuka. Lakini kufikia saa tano nilikuwa nimeelewa wimbo wangu, yaani wimbo wao. Syokau huuliza kwa sauti, "Mvua iko njiani, nani yuko hapa?" Kisha huita jina la mtu mmoja tu. Baada ya jina ni kimya. Katika kimya kile, mwenye jina hushusha jembe lake peke yake, na hilo ndilo jibu. Huitikii kwa mdomo. Asiyekuja kazini hana cha kujibu nacho. Hapo ndipo mimi, miaka kumi na moja, nilikuwa nimeweka ngoma nne.

Aliwaita wote, mmoja mmoja, mtaro mzima, zaidi ya mara tatu. Mimi hakuniita. Kila alipovuta pumzi nilikaza mpini, na kila mara lilikuwa jina la mwingine.

Jua lilipopoa tuliosha majembe, na nikamuuliza kama nimepata ruhusa.

"Kesho tutakuja, sisi wote," alisema. "Nitakaa nisikilize. Ukiniona nimesimama, ujue sitaki. Utanyamaza hapo hapo, na hutaimba tena, hata huko ng'ambo."

"Sawa, susu."

"Na usikohoe."

Safari ya kurudi Nairobi, siku ya Jumapili, haina mengi: gari lilikuwa jepesi, kiti cha nyuma kitupu, na usukani niliushika kwa ncha za vidole kwa sababu ya malengelenge. Mambo yaliishia Jumamosi, na hapo ndipo naishia mimi.

JUMAMOSI saa tisa ukumbi wa Kitui ulijaa hadi mlangoni. Mzee Kioko alikuja na koti lake. Mwalimu Ndinda alileta nusu ya kwaya yake. Syokau na kikundi chake walikaa safu ya pili, wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Asubuhi niliwaambia wapiga ngoma wangu kwamba pale katikati wasipige kitu. Walidhani jua la shambani limenipata. "Watu watafikiri tumesahau," mmoja alisema. Nikamwambia wafikiri.

Niliingia sehemu ya pili nikiwa bibi, leso mbili, mgongo umeinama, bila kukohoa hata mara moja. Niliimba. Nikafika pale katikati, nikauliza kama wimbo unavyouliza nani yuko hapa, na nikanyamaza. Ukumbi wote ulikuwa kimya, na kimya kile jukwaani ni kirefu kuliko mnavyoweza kudhani.

Syokau akasimama.

Nimeigiza watu waliofiwa, waliofungwa, waliofukuzwa kazi, na sijawahi kuwa na uso kama ule niliokuwa nao wakati huo. Nilifunga mdomo kama nilivyoahidi.

"Mbula!" aliita Syokau kwa sauti ya shambani. Mwanamke aliyekuwa kando yake akapiga mguu sakafuni, mara moja, kwa nguvu.

"Kamene!" Mguu mwingine.

Akawaita wote waliokuja kuchimba, mmoja baada ya mwingine, na sakafu ya mbao ya ule ukumbi ikawajibia. Watu hawakupiga makofi. Walijua kwamba hiyo haikuwa sehemu ya kupigia makofi. Alipomaliza safu yake akanigeukia. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwa yeye: leso zake, mgongo wake, mikono yake nyuma.

"Muthama!"

Nimeitwa majina mengi jukwaani, na kila moja nimeliitikia kwa wakati wake, bila kukosea. Hilo moja, langu mwenyewe, lilinichukua muda kulitambua. Kisha nikanyoosha mgongo, nikainua mguu, nikajibu.