Mzee wa Ganze Ndani ya Kioo

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu, mkulima wa Ganze, kwenda kumwona bintiye aliyeolewa Ujerumani. Siku moja tukaingia jumba dogo la makumbusho la mji wao. Tulipita majembe na viatu vya mbao, mara shangazi akasimama. Kwenye kabati la kioo palikuwa na kigango, ile nguzo ya kuchonga ambayo Wagiriama humsimikia mzee aliyefariki.

Shangazi alivua viatu. "Shikamoo, baba," akasema, kisha akampa habari za mvua na mahindi.

Mhudumu wa pale alitabasamu, akasema neno. Binti akatufasiria: "Anasema msiwe na wasiwasi. Wanampaka dawa, mchwa hawamgusi."

"Mwambie kwetu hahamishwi," shangazi akajibu, kiganja chake kikiwa juu ya kioo. "Huachwa hapo hapo mpaka mchwa wammalize. Ndiko kupumzika kwake."

Mhudumu aliposikia hayo, tabasamu lilimtoka.

Sina ugomvi na watu wanaojua kutunza vitu. Sisi hata choo cha soko kimetushinda. Ila mzee yule wamemtunza hadi wamemnyima kufa.