Nilivyomfokea Bi Zuhura kwa Simu Ambayo Hakuniuzia

Wacha nianze kwa kukubali: yule mwanamke wa leso nyekundu kwenye ile video, anayepiga meza ya duka pale Voi huku akitaja Katiba ya Kenya, ni mimi. Sina wakili. Kama hujaiona hiyo video, tafadhali usiitafute, nitakuhadithia mwenyewe.

Yote yalianza na dakika kumi. Alhamisi hiyo nilikuwa nimeshuka Voi kutoka kwetu Mwanda kununua simu mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imefika mahali ukimpigia mtu anakusikia kama uko ndani ya pipa, na binti yangu Mghoi anafanya kazi Uarabuni, anapumzika Jumapili jioni tu, na hiyo ndiyo saa yangu ya kumwona uso. Mimi ni fundi wa nguo, nilikuwa nimeshona sare za shule mpaka mgongo ukalia nikitafuta pesa ya hiyo simu. Basi nikaingia duka la kijani karibu na stendi, nikachagua, na yule muuzaji (tumwite Kilonzo) akaniambia vizuri kabisa, "Mama, ngoja dakika kumi niiwashe, tuijaribu, halafu nikugongee muhuri kwa kadi ya waranti."

Nikamwambia gari ya Mwanda imebakisha watu wawili, nitaijaribia nyumbani, kwani simu ni viatu? (Hata viatu huwa navijaribu, lakini siku hiyo nilikuwa na akili nyingi.) Nikatupa risiti ndani ya kibeti bila kuisoma, huyo nikaenda zangu.

Kuanzia Ijumaa nikaona simu iko na joto. Nikiongea kidogo tu sikio linawaka, nikiichaji inakuwa kama kiazi kimetoka kwa jivu. Lakini kule kwetu kuna baridi, nikajiambia labda ni mkono wangu ndio umepoa, na usiku nikawa naichaji chini ya mto, mimi na kichwa changu juu yake.

Jumapili nikaenda nayo kanisani, nimeiweka pale sisi akina mama huweka vitu vya maana (kifuani, tusidanganyane). Mimi ndiye katibu wa akina mama, kwa hiyo nilikuwa mbele nasoma matangazo, na katikati ya matangazo nikaanza kuskia joto hapa kifuani. Kwanza nikafikiri ni Roho. Kisha nikafikiri ni moyo, maana umri nao umesonga. Nilipofika kwa majina ya wenye zamu ya kufagia, ile kitu ikaniuma kama pasi ya makaa, nikatupa karatasi, nikaingiza mkono ndani ya blauzi mbele ya pasta na wazee wote wa kanisa, nikachomoa simu nikairusha, ikatua juu ya ngoma ya wanakwaya, duum! Mzee mmoja nyuma akasema, "Amina."

Jioni Mghoi alipiga mara tatu (alikuja kuniambia baadaye). Nilikuwa nimeizima hiyo simu nikaiacha nje kwa dirisha, naogopa hata kuigusa.

Sasa mtu mwenye busara angeenda dukani pole pole aeleze shida yake. Lakini mimi nilikuwa nimeaibika na nilitaka mwenzangu wa kuaibika naye. Tena nilikuwa nimeskiza kipindi redioni kuhusu haki za mnunuzi, ati ukiuziwa kitu kibovu una haki ya kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa zako, na hayo maneno yalikuwa yamenikaa. Nikamwambia jirani yangu Mama Wakio, "Kesho twende wote Voi ukaone venye haki inadaiwa."

Tukafika Jumatatu saa sita, jua la Voi linapiga mpaka bati linalia. Nikaliona duka la kijani. Sikusalimia. Nyuma ya meza alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, amevaa buibui, anapanga vifuniko vya simu, nami nikaweka ile simu mbele yake pwaa.

"Hii ndiyo mnauzia watu? Moto? Mnataka tuungue?"

Akainua macho. "Salaam kwanza, mwanangu. Kuna nini?"

"Usiniite mwanangu! Katiba inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa salama! Salama!" Hapo ndipo nikaanza kupiga meza. Watu wa boda boda wakashuka kwa pikipiki zao, mwenye machungwa akaacha machungwa yake, na simu za kurekodi zikainuka. Mtu akapiga kelele nyuma, "Waambie, Mama!" na mimi nikiskia hivyo ndio naongeza sauti (mimi mtu akinishangilia kidogo naharibika kabisa). Mama Wakio ananivuta leso, namtoa mkono.

Yule mama akasema kwa utaratibu, "Nani aliyekuuzia simu hii?"

"Mumeo! Alhamisi! Mwambie atoke huko nyuma alikojificha!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaweka chini kile kifuniko alichokuwa ameshika, akaniangalia.

"Mume wangu katangulia mbele ya haki," akasema. "Huu mwaka wa sita."

Jamani. Mwenye machungwa akarudi kwa machungwa yake. Mimi mkono bado uko juu, haujui ushuke vipi.

"Nipe risiti yako niitazame," akasema. Nikachokora kibeti, nikampa, imekunjamana. Akaisoma, akaigeuza upande wangu, akaweka kidole juu kabisa palipo na jina la duka. Halikuwa duka lake. Likawa ni la mlango wa pili, baraza ni hiyo hiyo moja, na yote mawili yamepakwa kijani ile ile na kampuni ile ile ya simu.

Nilijaribu kuomba msamaha, sauti ikagoma. Sauti iliyokuwa inaskika mpaka stendi! Mama Wakio ndiye aliyesema, "Tusamehe, Mama, mwenzangu ameungua kanisani." Yule mama akauliza ameungua vipi, Mama Wakio akaeleza yote, blauzi, ngoma na ile amina, na nikaona mdomo wake unatetemeka, akaziba kwa mtandio, akacheka mpaka akapangusa machozi. Ndivyo nilivyomjua Bi Zuhura.

Akaichukua simu, akailaza juu ya kioo cha meza, akaigusa pembeni kwa ukucha. Ikayumba kama yai.

"Waona? Mgongo umefura. Betri imevimba hii, mwanangu. Usiiwashe tena wala usiichaji. Waichajia wapi?"

"Chini ya mto," nikasema.

Hakucheka tena. Akasimama, akavaa viatu vyake, akaniambia tufuatane.

Kilonzo alikuwa ameskia yote kupitia ukuta, maskini, alikuwa amejiandaa. "Mama, risiti imeandikwa hapo chini, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Na wewe mwenyewe ulikataa kungoja." Ilikuwa kweli, nikainamisha kichwa.

Lakini Bi Zuhura akamwambia, "Kilonzo, kuandika kila mtu ajua kuandika. Kitu kikitoka kiwandani kibovu, hayo maandishi hayamfungi mtu. Itazame kwanza."

Kilonzo akaitazama. Akaiyumbisha mara mbili. Akasema, "Hii ingelipuka." Akaiweka ndani ya ndoo ya mchanga nje ya mlango, akatoa nyingine iliyofungwa, akakata ile karatasi ya boksi mbele yangu. Tukalinganisha namba ya kwenye boksi na ya ndani ya simu. Akaichaji, akaweka video, akaiacha juu ya meza nusu saa nzima huku sisi wanne tunaiangalia kama mgonjwa wa wodini. Kila baada ya muda naweka kiganja: baridi. Akagonga muhuri. Nikakaa kwa kreti la soda, na hapo ndio machozi yakanitoka, si ya aibu tena.

Mwanda bado wananicheka. Wanakwaya wakiniona wananionyesha ngoma. Nami nimeapa: simu nitaijaribia dukani hata kama gari zote za Mwanda zitaniacha, risiti nitaisoma kabla ya kufungua mdomo, na sitamuuliza tena mama wa watu mumewe yuko wapi. Wacha wacheke. Nyumba ingeshika moto ningeirudisha duka gani?