Matanga ya Mtu wa Kaskazini

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa shule Kariakoo, nilikuwa na rafiki wa kalamu kaskazini kabisa mwa dunia. Anwani yake nilipewa na mwalimu. Aliniandikia kwamba wilaya yao ni misitu na maziwa tu, na watu wake wote hawajazi mtaa mmoja wa kwetu. Kufika kwa jirani ni mwendo wa asubuhi nzima juu ya theluji, na majira ya baridi jua halichomozi wiki nyingi.

Nilimwonea wivu. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, familia sita na choo kimoja, na kila mtu alijua nimekula nini. Mchana, joto likizidi, nilijilaza kwenye sakafu ya saruji, nikafumba macho, na theluji ikaanza kushuka Msimbazi. Ilifunika mabati, ikawanyamazisha wauza samaki, mpaka nikabaki peke yangu katika weupe. Sikutaka kurudi.

Bibi, niliyekuwa nikimsomea barua hizo kwa Kiswahili, hakupendezwa hata kidogo.

"Kuishi kwingi kuona mengi," alisema. "Sasa huko mtu akifa, nani anakuja?"

Nilimcheka. Kisha ikaja barua fupi. Mama wa rafiki yangu amefariki, theluji ilifunga njia, wakamzika watu wanne tu. Tangu siku hiyo baba hajalia wala hajasema neno. Anakaa dirishani, na binti anaogopa.

Bibi alijifunga kanga, akatandika mkeka barazani.

"Tumefiwa," akawaambia majirani. "Rafiki wa mjukuu wangu kafiwa na mamake, nao hawana watu."

Hakuna aliyeuliza dini. Walikuja siku tatu, na kahawa, na kuni. Mama wa Kihindi wa duka la vitambaa, ambaye hakuwahi kuketi kwetu, alikuja amevaa sari nyeupe ya msiba, akakaa mkekani. Mimi niliona haya, nikidhani tunaigiza. Siku ya tatu nikamlilia mama nisiyemjua.

Bibi akaniamuru nimwandikie rafiki yangu majina ya wote waliokuja, asiachwe hata mmoja.

Jibu lilichukua miezi. Binti alimsomea baba yake majina yale. Baba akataka arudie, polepole. Katikati ya kurudia akaangua kilio, akalia mpaka jioni, kisha akaomba chakula.

Nilipomaliza kumsomea, Bibi alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Alhamdulillahi," akasema. "Amelia."

Akatoka kwenda kuwaambia wenzake, mlango kwa mlango.