Saa ya Shemeji Fundi

Huyu ndiye shemeji yangu, fundi cherehani, aliyeshona sare za shule nzima, akashona gauni langu la harusi na la binti yangu, wala hajawahi kukubali kwamba amekosea kipimo. Baridi yabisi ilipomshika magoti, daktari alimpa saa ya kuhesabu hatua, akamwambia atembee, la sivyo magoti yatakakamaa kabisa. Shemeji akaifunga kwenye kifundo cha mguu, akakaa kwenye cherehani yake ya miguu, akakanyaga kutwa. Kila jioni hulamba uzi, hufumba jicho moja, kisha hunyoosha mguu nisome: “Leo nimewashinda vijana!”

Juzi mteja alikuja kuchukua suruali. Fundi akajaribu kuinuka, magoti yakagoma, ikabidi nimvute kwa mikono miwili.

“Bingwa wa mbio,” nikamwambia, “umefika wapi?”

Hakucheka. Aliifungua ile saa mguuni, akaivaa mkononi, akashika ukuta.

“Shemeji, mdomo wako hauna baridi yabisi, sasa tuone miguu. Kaa hapa umalizie kola hii, na mshono usiende upogo. Mimi namsindikiza mteja wangu mpaka njia panda.”