Boti ya Rashidi Ilipokuwa Nzito

Siku ile tuliyotoka Nyangwe kwenda Kasongo haijanitoka, mwanangu, hata leo ambapo majina ya wajukuu hunipotea. Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Kaka yangu mkubwa, Rashidi, aliendesha boti ya moteri ya mfanyabiashara mmoja wa Nyangwe, akisafirisha mpunga na mafuta ya mawese kwenye mto Lualaba. Mimi nilikuwa nimeolewa hapo hapo, nina mtoto wa kwanza mgongoni.

Rashidi aliipenda boti ile. Aliipaka rangi ubavuni, akaifuta mpaka ikang'aa. Chini, sehemu inayokaa majini, hakuigusa. Baba yetu, ambaye ujanani alichonga mitumbwi, alikuja kututembelea wakati wa Idi. Akaingia mtoni hadi kiunoni, akapapasa tumbo la boti, akatoka na kiganja kimejaa ute wa kijani na vikonokono.

"Rashidi, juu umeivisha vizuri," akasema. "Chini imevaa nguo nzito. Ivute muchangani uikwangue."

Rashidi akacheka kwa adabu. "Baba, hii iko moteri, haiko kasia. Itasukuma tu."

Baba hakubishana naye. Akarudi kwake Kasongo.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja binamu yetu Amisi alifika kwa baiskeli, matope hadi magotini. Akasema Baba ameshikwa vibaya na ugonjwa, anatutaka. Akamwambia Rashidi, akimwita Yaya kama sote tunavyomwita kaka mkubwa, "Panda nyuma yangu, Yaya, twende sasa hivi."

Rashidi akaitazama barabara ilivyoharibika, akaitazama boti yake. "Tangulia wewe. Sisi tutafika mbele ya adhuhuri."

Basi tukaondoka. Kwenda Kasongo ni kupanda mto, na maji yalikuwa yamejaa. Moteri ililia, moshi ukatufunika, lakini miti ya ukingoni ilikuwa kama imesimama nasi. Mvuvi mmoja aliyepiga kasia pembezoni, penye maji matulivu, alitupita akatusalimia. Rashidi hakuitika. Akaongeza moto mpaka moteri ikachemka, ikabidi tuegeshe kwenye fungu la mchanga.

Akazama na kisu. Aliibuka na majani na kipande cha wavu wa zamani, vilivyokuwa vimejizonga kwenye panga linalozunguka chini ya moteri. Akazama tena, akakaa kidogo, akaibuka mikono imechanwa na vikonokono, inavuja damu.

"Vipi, Yaya?" nikauliza.

"Iko kama shamba huku chini," akasema, wala hakunitazama.

Kukwangua tumbo lote pale hatukuweza. Tukaendelea polepole. Adhuhuri ilitukuta mtoni, na alasiri pia. Tuliposhuka na kupanda njia ya mjini, tulikutana na wanaume wakirudi kutoka makaburini, Amisi kati yao. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa; kwetu maiti haingojewi, mwanangu.

Rashidi akamuuliza, "Aliniulizia?"

Amisi akapangusa udongo mikononi. "Aliuliza kama boti imefika."

Matanga yalipokwisha tukarudi Nyangwe. Rashidi aliivuta boti mchangani, akaikwangua mwenyewe mpaka mbao zikaonekana. Alipoirudisha majini ilikimbia kama mpya, na watu wa Nyangwe walisimama ukingoni kumshangilia. Nilikuwa ndani pamoja naye. Alishika usukani huku machozi yanamtoka, kwa sababu sasa alijua mwendo ambao angeweza kuwa nao siku ile. Amekufa mzee, na sikumsikia tena akicheka ushauri wa mtu.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuambia wewe unayependa kung'arisha panapoonekana: safisha na kule kusikoonekana, tena kabla hujaitwa. Uzito unaongezeka kidogo kidogo, husikii, mpaka siku unayotaka kwenda mbio. Na mzazi akikuita, panda chochote kilicho tayari kuondoka, hata nyuma ya baiskeli yenye matope. Mungu akupe njia nyepesi, akufikishe uwakute wanaokungoja wangali na sauti ya kuitikia salamu yako.