Sanduku la Spika Lililotaka Kupumua

Jumamosi niliingia duka la redio mjini, mtoto mgongoni, sanduku la mbao mikononi. Nilikuwa nimelitia spika za gari ili wageni wetu wa ubatizo kesho yake wasikie besi, lakini lililia kama nzi ndani ya chupa.

Mwenye duka, mzee wa kilemba, akatia kidole kwenye tundu mojawapo la sanduku. "Mama, hii ni ya spika ama ya vifaranga?"

Wateja wakaangua kicheko. Nilikuwa nimelitoboa kila upande, sauti ipate pa kutokea.

"Mnacheka nini? Yangu ya kwanza nilitoboa mpaka chini," akawaambia, huku akiziba matundu kwa gundi na vumbi la mbao. "Hewa ikivuja, besi nayo hupotea."

Jumapili besi ilitikisa mabati ya nyumba yetu kule Uthiru. Nashuku mzee alidanganya kuhusu lile sanduku lake la kwanza, na bado namshukuru.